Rejista ya Julai

Julai haina jua Nairobi, ina mwanga wa kijivu
kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.
Hapa Huruma ghorofa zimebanana,
nguo za jirani hukaukia dirishani pako,
au hazikauki: siku ya nne leo, soksi bado mbichi.

Naita majina. Gredi ya nne, watoto hamsini na watatu.
Halake? Hayupo.
Nyanchama? Hayupo.
Lekishon yupo, ila sauti yake haipo,
imebaki nyumbani chini ya blanketi.

"Mwalimu, tufunge dirisha, baridi inaleta homa."
Ndivyo nilivyolelewa na mimi:
usilale na nywele mbichi, usikanyage sakafu bila ndara.
Tukafunga. Ufa tukauziba kwa gazeti.
Kisha tukavuta pumzi moja sote,
kama walevi wanaopokezana kata.

Jumatatu niliamka mifupa ikiuma
kama niliyepasua kokoto usiku kucha.
Kijana wa duka la dawa akanifungia vidonge vya rangi mbili,
nikavimeza, nikaenda kazini.
Mtihani ulikuwa Jumatano. Nani angesimamia?
Nilikuita kule kujitolea.

Nikainama juu ya daftari la Mumbua, kumwonyesha kugawanya.
Nikakohoa kiganjani.
Kwa kiganja kilekile nikamrudishia penseli.

Alhamisi, Mumbua: sufuri.
Ijumaa majirani walimshusha bibi yake, Kalekye,
kutoka ghorofa ya tano, ameketi kwenye kiti cha plastiki,
midomo rangi ya jivu,
wakihesabu ngazi kwa sauti ili wasikosee kona.
Siku sita kwenye oksijeni.

Sijui.
Homa haiandiki jina la aliyeituma.

Mutheu, muuguzi wa zahanati, hakunibembeleza:
"Baridi haibebi kirusi mfukoni.
Baridi inawakusanya tu, inawafungia mlango,
kirusi kinaruka kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mkono.
Na vidonge vyako vile ni vya bakteria.
Umemtegea mwizi wa kuku mtego wa panya."
Akaendelea kukunja bendeji.

Nilipanda zile ngazi na machungwa sita.
"Nimekuja kuomba radhi."
Bibi Kalekye alicheka mpaka kikohozi kikamshika,
akageuza uso, akazika mdomo kwenye kiwiko,
jinsi mjukuu alivyomfundisha.
"Mwalimu, nimelea saba. Unadhani sikuwapa homa?
Nikawapaka mafuta kifuani, nikailaumu baridi.
Keti.
Lakini fungua dirisha kwanza."

Aprili hii tulipanga foleni ya chanjo, mimi naye,
yeye na fimbo, mimi na daftari za kusahihisha.
"Mwaka jana kuna waliochanjwa. Wao wanarudia nini?"
"Kirusi hushona shati jipya, bibi.
Askari wa mwilini anamtafuta mwenye shati la zamani."
"Basi ni mjanja kuliko mwenye nyumba wangu," akasema,
akakunja mkono wa sweta.
Bega lilimuuma siku moja. Alinipigia simu kulalamika, mara mbili.

Julai imerudi. Sabuni tumeifunga kwa uzi bombani
ili isitembee.
Jana mifupa ikaniuma tena, kidogo, si kama mwaka ule:
chanjo haijengi ukuta, inapunguza makali.
Nikampigia mwalimu mkuu. Akashusha pumzi ndefu.
Nikakaa nyumbani na uji wa ndimu,
siku ya kwanza nikijiona mwizi wa mshahara,
ya pili nikilala,
ya tano homa imeshaniacha siku nzima bila kidonge.

Leo nimerudi. Dirisha li wazi,
watoto wamevaa sweta mbilimbili,
kurasa za vitabu zinapepea, wanazizuia kwa rula.
Rejista iko mezani. Lekishon aliita majina wiki yote.
Chini ya jina la hamsini na tatu
ameongeza mstari, kwa kalamu yangu nyekundu:

*Mwalimu. Sufuri, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri.*

Na pembeni, kwa herufi ndogo, *vizuri.*